Kesi Iliyolala Huamshwa na Nani?

Mtu akiuawa na polisi wakatafuta bila kupata kitu, faili lake huwekwa kabatini. Miaka inapita. Mashahidi wanahama, wengine wanakufa. Hiyo ndiyo kesi iliyolala.

Siku hizi wako wanaosema kwamba dawa ya kesi hizo ni mitandao ya kijamii, ile ya kwenye simu kama Facebook. Wengine wanakataa kabisa. Wanasema humo mna majungu matupu. Haya, tutazame mambo yaliyotokea kweli.

Juni 1992, maiti ya mwanamke ilikutwa mtoni katika mji wa Antwerp, nchini Ubelgiji. Alikuwa ameuawa. Jina lake halikujulikana. Mkononi alikuwa na mchoro wa ua jeusi lenye majani ya kijani. Sasa utamtafuta vipi muuaji, ikiwa hata aliyeuawa humjui? Hujui alikaa na nani, wala aligombana na nani. Kesi ikalala miaka 31.

Liko shirika la polisi wa nchi nyingi, linaitwa Interpol. Ikipatikana maiti isiyojulikana, Interpol hupeleka ilani kwa polisi wa nchi nyingine. Lakini ilani zile walisoma polisi peke yao. Mama wa marehemu hakuziona! Mei 2023 wakabadili mtindo. Walitoa hadharani habari za wanawake 22 ambao miili yao ilikutwa Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Likatolewa na lile ua. Habari zikaenda kwenye televisheni, magazeti na mitandao.

Basi, jamaa yake mmoja huko Uingereza akaliona ua lile katika habari, akalitambua. Ndugu zake walikuwa wamepata kadi yake ya mwisho ya posta Mei 1992. Tangu hapo, kimya. Novemba 2023 Interpol ikatangaza kwamba marehemu amepata jina. Mwaka 2024 kazi hiyo ikaongezwa hadi Ufaransa, Italia na Hispania, na hesabu ya wanawake ikawa 46.

Hapo hapakutokea mpelelezi hodari. Alikuwako mtu anayejua, na habari ikamfikia. Mbiu ya mgambo hufika mwisho wa kijiji. Hii inavuka bahari.

Huko Marekani, katika jimbo la Virginia, kijana mmoja alikufa katika ajali ya gari mwaka 1995. Hakujulikana ni nani. Mama yake hakuwa ametoa taarifa polisi kwamba mwanawe amepotea, kwa sababu hakujua akatoe katika mji gani. Mwaka 2015 watu wakasambaza sura yake katika Facebook na mtandao mwingine uitwao Reddit. Mtu aliyewahi kukaa naye nyumba moja akamtambua. Kipimo cha vinasaba kikathibitisha.

Lakini wanaopinga nao wana neno. Aprili 2013, mabomu yalilipuka katika mashindano ya mbio mjini Boston, Marekani. Watu 3 waliuawa pale. Kesi hii haikuwa imelala, lakini inafundisha. Watu katika Reddit wakaanza kulinganisha picha, kila mtu mpelelezi. Wakamtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea tangu mwezi wa nyuma. Ndugu zake walikuwa wanamtafuta kwa huzuni, badala ya msaada wakapata matusi. Mwanafunzi yule hakuhusika hata kidogo. Maiti yake ilikutwa mtoni mwezi uo huo. Wakubwa wa mtandao waliomba radhi, lakini waliotukanwa walikwisha kutukanwa.

Mimi naona watu hawa wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Kuuliza "nani anaijua alama hii?" ni kazi ya umati. Anayejua atajibu, asiyejua atapita. Kuuliza "nani muuaji?" ni jambo jingine. Hapo asiyejua naye hujibu, na kwa sauti kubwa. Tena mtu akishatajwa mbele ya watu laki moja, mahakama itampata wapi shahidi ambaye hajasikia uvumi? Mwenye habari anaipeleka polisi, ipimwe kwanza.

Aliyepotelewa hasemi kama sisi tunaobishana barazani. Yeye usiku hapati usingizi. Hajui aweke matanga au aendelee kungoja. Kwake yeye jina peke yake ni kitu kikubwa.

Yule mwanamke wa Antwerp alipotambuliwa, aliyemuua alikuwa bado hajulikani. Polisi wa Ubelgiji wakaomba tena: yeyote anayejua habari zake, au jinsi alivyokufa, awaambie. Safari hii waliweza kumtaja kwa jina.