Stelingi hafi? Sura sita za James Bond ndani ya nyumba moja

Jumapili iliyopita, hapa kwetu Msamvu, ulizuka ubishi ambao sikuutegemea. Mwanangu wa darasa la sita alikuwa amejikunyata na simu yangu akiangalia picha ya James Bond, ile ya Daniel Craig. Kaka yangu, aliyepita kutusalimia akitokea stendi, akachungulia, akaguna, kisha akatoa hukumu: "Huyo siyo Bond. Bond ni Roger Moore."

Mtoto akamwangalia kama mtu aliyesema jua linachomoza Mindu. "Mjomba, Roger Moore ndiyo nani?"

Mzazi mwenzangu, kaka yangu alikulia enzi za deki na vibanda vya video. Bond aliyemkuta huko alikuwa mzee kidogo, ananyanyua nyusi moja, anatania hata akiwa amefungwa kamba, na suti yake haipati mkunjo. Mwanangu amekutana na Bond anayetoka damu puani, anakosea, analia. Jina ni moja, kazi ni moja, lakini ni kama kila mmoja wao alilelewa na baba tofauti.

Bond alianza kwenye kitabu cha Mwingereza Ian Fleming mwaka 1953. Kwenye sinema aliingia mwaka 1962 na Dr. No, na mpaka No Time to Die ya mwaka 2021 picha za mfululizo wenyewe zimefika 25. Waigizaji ni sita tu.

Wa kwanza alikuwa Sean Connery, kijana wa Edinburgh aliyewahi kusambaza maziwa mitaani kabla ya umaarufu. Alimpa Bond mwendo wa chui na kiburi cha mtu asiyeambiwa hapana. Hapo ndipo mimi kama mama napata shida. Katika Goldfinger ya mwaka 1964 kuna sehemu ambayo mwanamke anamkataa waziwazi, anamsukuma, naye anatumia nguvu mpaka mwanamke "analainika". Muziki unakuwa mtamu, kana kwamba kilichotokea ni mapenzi. Niliiangalia nikiwa msichana na sikuona kitu. Safari hii, mwanangu akiwa pembeni, nilisimamisha picha. Nikamuuliza yule dada alisema nini. "Alisema hapana." Na kaka akafanya nini? Akanyamaza, akachezea kamba ya kaptula yake. Sikuongeza neno, nikaendelea kuonyesha picha. Mazungumzo yalirudi yenyewe siku mbili baadaye, tukiwa tunachambua mchicha.

Wa pili, George Lazenby wa Australia, alicheza mara moja tu, mwaka 1969. Alikuwa mwanamitindo, hakuwa na uzoefu wa kuigiza, na wengi wamemsahau. Hata kaka yangu hakuwahi kumsikia. Lakini ndiye Bond aliyeoa. Mkewe anauawa siku ileile ya harusi, na picha inaishia akiwa amemkumbatia marehemu ndani ya gari. Kwa watu waliozoea stelingi anayemaliza kazi akicheka, hilo lilikuwa pigo.

Baada ya hapo ndipo akaja kipenzi cha kaka, Roger Moore, picha saba kuanzia 1973 hadi 1985. Watu hudhani alikuwa mdogo kuliko Connery kwa kuwa alikuja baadaye. Kumbe alikuwa amemzidi karibu miaka mitatu, na kwenye picha yake ya mwisho alishakaribia miaka 60. Asingeweza kumpiga mtu kama Connery na akaaminika, kwa hiyo akachagua mzaha. Ni ufundi huo! Mtu anajua nguvu zake zimepungua, anatumia ulimi. Kaka anampenda pia kwa sababu miaka ya baadaye alikuwa balozi wa UNICEF, akizungukia watoto wa nchi masikini.

Timothy Dalton nampitia haraka. Alicheza mbili, 1987 na 1989, mkali, hatabasamu ovyo. Pierce Brosnan alikuja mwaka 1995, vita baridi imekwisha, na akakuta bosi wake mpya ni mwanamke, Judi Dench, anayemwambia usoni kwamba amepitwa na wakati. Mabinti walioangalia picha ile waliona jambo ambalo Connery hakuwahi kukutana nalo ofisini.

Kisha Craig, 2006. Kabla hata hajaanza watu walimlalamikia, eti nywele zake ni za rangi isiyo ya Bond. Mwanangu anampenda tangu alipoona maandishi ya "Mbale, Uganda" kwenye Casino Royale. Nimemwambia sehemu ile haikupigwa Uganda. Hajali.

Ila kuna mwigizaji wa saba ambaye hayumo kwenye hesabu za Wazungu, naye ni mtafsiri. Picha nyingi zinazoangaliwa kwenye vibanda umiza na kuuzwa kwenye flashi zina sauti ya Kiswahili juu yake. Wakongwe wa kazi hiyo wanamkumbuka Lufufu wa Dar es Salaam. Mtafsiri hasemi tu maneno ya wahusika. Anaeleza, anaonya, anatania, anamtukana adui kwa niaba yetu, na pale wanapobusiana anaongelea bei ya unga. Hivyo mwanangu anaamini kabisa kwamba Craig ni mcheshi. Nilipomwekea Craig mwenyewe bila mtafsiri, akalalamika: "Mbona huyu haongei?"

Huo ni ushauri wangu mmoja kwa mzazi: kabla ya kuruhusu picha, jua pia ni ya mtafsiri gani. Wapo wanaopunguza makali ya picha, na wapo wanaotia matusi ambayo Bond hakuyasema. Kwenye basi huna uchaguzi. Niliwahi kupanda hapa stendi kwenda Iringa, picha ikafika chumbani, na ghafla abiria wote wakawa na hamu kubwa ya kutazama twiga wa Mikumi.

Babu yao, baba yangu, alisikiliza ubishi wote akiwa kwenye mkeka, kisha akasema sisi sote hatujui kitu. Mpelelezi ni Willy Gamba. Huyu ni wa Elvis Musiba, alianza na Kufa na Kupona mwaka 1974, akaenda mpaka Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi. Naye alipenda wanawake na suti kama mwenzake wa London, lakini Bond alimtumikia malkia, Willy alipambana na makaburu na vibaraka wao wakati nchi za kusini hazijakombolewa. "Na sura yake?" mtoto akauliza. Babu akagonga kichwa kwa kidole: "Iko humu." Wa babu ni mrefu, mweusi, ana mwanya. Wangu mimi, niliyesoma kitabu kilekile kwa kuibia usiku, alikuwa mfupi kiasi na hana mwanya hata kidogo.

Jioni ile tukaangalia No Time to Die wote wanne. Kama hujaiona, ruka aya hii. Bond ana binti wa miaka mitano, Mathilde, ambaye hakujua kama yupo. Anamkatia tofaa asubuhi, kwa shida kidogo, kama akina baba wengi. Mwishoni makombora yanakuja, anabaki kisiwani, anakufa. Kaka akaruka kwenye kiti: "Haiwezekani! Stelingi hafi!" Moore asingekufa, alisema, angetokea majini na suti kavu.

Mwanangu hakusema kitu. Baba yake yuko mgodini, anarudi mara mbili kwa mwaka. Alisubiri mama wa Mathilde aanze kumsimulia binti yake habari za baba, gari likiingia handakini, ndipo akaniegemea begani.

Majina ya waigizaji yakapita mpaka mwisho kabisa, yakatokea maandishi kwamba James Bond atarudi. Akainuka. "Mama, si amekufa? Anayerudi ni yuleyule au ni mwingine?"

Kaka akafungua mdomo, akamwangalia babu. Babu akaomba maji ya kunywa.