Kompyuta Inazima Wakati Gani?

Draivu mpya ya DVD ikifungwa kwenye kompyuta ya zamani, kisha mashine ikaanza kuzima au kuganda, hukumu hutolewa papo hapo: draivu ni mbovu, irudishwe dukani. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Draivu ileile ikifungwa kwenye mashine nyingine husoma diski bila shida, na kompyuta ikirudishiwa draivu yake ya awali hutulia. Kila kimoja ni kizima kikiwa peke yake. Tatizo liko pale vinapokutana, na ushahidi wa kwanza ni wakati: mashine inazima wakati gani katika kazi yake? Kabla Windows haijafunguka? Diski inapoanza kuzunguka? Au baada ya dakika kadhaa za utulivu?

Kunakosumbua zaidi ni kuzima kunakotokea diski inapoanza kuzunguka. Draivu isiyo na diski hula umeme kidogo sana. Ukiingiza diski, mota inapaswa kuiondoa kwenye kusimama na kuifikisha kwenye mbio kwa sekunde chache. CD inayopigwa kwa kasi ya muziki huzunguka kati ya mara 200 na 500 kwa dakika. Draivu iliyoandikwa 52x huipeleka kupita mara 10,000 kwa dakika. Soma lebo iliyobandikwa juu ya draivu yenyewe: nyingi huonyesha ampea 1 hadi 2 kwenye volti 12, na kiasi cha kukaribiana na hicho kwenye volti 5. Kwa pawa saplai mpya ya wati 400 hilo ni jambo dogo. Kwa ile ya wati 200 iliyofanya kazi miaka mingi, huku ikilisha diski kuu, prosesa na feni, mzigo huo wa ghafla unatosha kuishusha volti, kama vile maji ya bomba yanavyopungua nguvu jirani anapofungua koki yake.

Ndani ya kompyuta kuna mlinzi anayesubiri jambo hilo. Pawa saplai za aina ya ATX zina waya mmoja wa kijivu unaoiambia mazabodi kwamba umeme uko sawa. Volti zikitetereka kupita kiasi, ishara hiyo hukatika, na mazabodi huisimamisha prosesa na kuanza upya. Ndiyo maana kompyuta yenye tatizo la umeme hujiwasha upya ghafla bila kuonyesha ujumbe wowote wa kosa. Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika. Ukiona skrini inakuwa nyeusi kwa ghafla namna hiyo, usipoteze siku nzima ukisakinisha programu upya.

Kipimo cha kutenganisha umeme na mengine ni rahisi, na naona kingepaswa kuwa cha kwanza kwa kila fundi. Zima kompyuta, chomoa kebo ya data ya draivu lakini uache ya umeme, kisha washa. Ingiza diski. Draivu itaizungusha yenyewe hata kama kompyuta haijui kwamba ipo. Mashine ikianguka katika hali hiyo, kebo ya data na Windows vimeachiwa huru, na kinachobaki ni umeme. Kwa multimita, waya wa njano dhidi ya mweusi unapaswa kutoa volti 12, zisipungue 11.4. Mwekundu dhidi ya mweusi ni volti 5, zisipungue 4.75. Lakini kipimo kizuri wakati draivu imetulia hakiitakasi pawa saplai, kwa sababu mshuko unaoangusha mashine unaweza kudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, na multimita ya kawaida haiuoni.

Tazama pia kapasita za kwenye mazabodi, vile vikopo vidogo vilivyosimama kando ya prosesa. Kati ya takriban mwaka 1999 na 2007, soko la dunia liliingiwa na kapasita zenye elektroliti mbovu iliyozalisha gesi ndani hadi vichwa vyake vikavimba na kupasuka. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola za Marekani milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake za OptiPlex zilizokumbwa na kasoro hiyo. Kapasita iliyovimba haiwezi tena kuziba pengo la umeme linapotokea. Mashine huendelea kuishi kwa mzigo mwepesi, kisha draivu mpya huifichua. Pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita zake kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Mashine ikiganda mapema, kwenye maandishi meupe ya mwanzo inapotafuta diski zake, geukia kebo bapa ya IDE. Mfumo huo, ulioanzia kwa Western Digital na Compaq mwaka 1986, huruhusu vifaa viwili kwenye kebo moja, na kijiplastiki kidogo kiitwacho jampa ndicho kinachoamua nani masta na nani slevu. Draivu mpya ikiwa imewekwa masta na diski kuu nayo masta, vyote viwili hujibu wito mmoja na kompyuta hukwama. Kebo yenyewe ina siri yake. Za awali zina nyaya 40. Zilizokuja baadaye kwa ajili ya kasi kubwa zina 80, na zile 40 za ziada ni za ardhi, zimepangwa katikati ili ishara za jirani zisiingiliane. Kebo ya nyaya 40 kwenye vifaa vya kasi huzaa makosa, na Windows XP ikiyahesabu kufikia sita huishusha draivu kwenye njia ya polepole inayoichosha prosesa.

Lipo pia tatizo la lugha, yaani la amri ambazo mfumo huitumia draivu, nalo ni la ajabu zaidi. Oktoba 2003 toleo la Linux liitwalo Mandrake 9.2 lilitoka, na baadhi ya draivu za CD za LG zikaanza kufa zikiunganishwa nalo. Mfumo huo ulituma amri ya kumwaga akiba ya data, amri ambayo draivu ya kusoma tu haikutazamiwa kuifanyia chochote. Katika draivu zile, namba ya amri hiyo ilikuwa imepewa kazi nyingine: kuandika upya programu ya ndani. Draivu ikatii, ikajifuta. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, ni busara kuangalia kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya ndani ya draivu hiyo.

Na ikiwa kompyuta inafanya kazi dakika kumi hivi ndipo inazima, fungua kasha utazame feni ya prosesa. Kebo bapa ni pana, na wakati wa kufunga draivu husukumwa kando. Ikigusa mapanga ya feni, feni husimama, prosesa hupata joto na mashine hujizima. Bonyeza pia vipande vya RAM, kwani mkono uliopita humo huweza kuvilegeza.

Wengi waliochoka huishia kununua draivu ya nje ya USB, na kwa shule au studio ya picha yenye CD za miaka ya nyuma ni uamuzi mzuri. Lakini tundu moja la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa miliampea 500 tu, nazo mara nyingi hazitoshi kuianzisha mota. Ndiyo sababu draivu nyingi za aina hiyo huja na kebo yenye vichwa viwili vya USB, na vyote viwili vichomekwe nyuma ya kasha, moja kwa moja kwenye mazabodi.