Je, Wajua? Maajabu ya Waya wa Simu ya Mezani

Je, wajua kwamba waya wa simu ya mezani una nafasi kubwa kuliko ile inayotumiwa na sauti? Maneno ya mtu hueleweka vizuri yakipitishwa kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, kwa hiyo mitambo ya kituo cha simu ilitengenezwa kubeba kiasi hicho tu na kutupa kilichozidi. Modemu za zamani, zile zilizokuwa zikilia na kukoroma kabla ya kuunganisha, zililazimika kupita humohumo. Ndiyo maana hata toleo la mwaka 1998 halikuvuka kilobiti 56 kwa sekunde, na mtu akiwa kwenye intaneti, waliopiga simu nyumbani waliambulia mlio wa laini kutumika.

Kumbe nyaya zilezile mbili za shaba hupitisha mawimbi ya masafa ya juu zaidi, mradi yasipite kwenye ule mtambo wa sauti. ADSL, aina iliyoenea sana ya huduma ya intaneti kupitia nyaya hizo, hupanda hadi kilohezi 1,104, zaidi ya mara 300 ya kiwango cha sauti. Maongezi yanaachiwa sehemu ya chini, data inashika sehemu ya juu, na vyote viwili husafiri kwa wakati mmoja bila kugombana. Kazi ya kuvitenganisha nyumbani hufanywa na kijiboksi cha plastiki kinachochomekwa kati ya simu na soketi ya ukutani. Usipokichomeka, utasikia mkwaruzo sikioni, na huenda intaneti ikakatika kila mtu anapoinua mkono wa simu.

Je, wajua kwamba nafasi hiyo imegawanywa katika mikondo 256? Kila mkondo una upana wa kilohezi 4.3125. Modemu inapowashwa na taa yake kuanza kupepesa, huwa inapima hali ya kila mkondo ikishirikiana na mtambo wa kituoni. Mkondo safi hupewa hadi biti 15 kwa mpigo mmoja. Uliochafuliwa, pengine na stesheni ya redio ya masafa ya kati, hupewa chache au huachwa kabisa. Mhandisi aliyeupigania sana mpango huu ni John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kampuni yake ya Amati ndiyo iliyowashinda wapinzani katika majaribio ya mwaka 1993.

Je, wajua kwa nini kupakua ni haraka kuliko kupakia? Wengi hudhani ni uchoyo wa kampuni. Hapa lawama hiyo haina msingi. Karibu na kituo cha simu, mamia ya jozi za nyaya hubanana ndani ya kebo moja, na mawimbi ya jozi moja huvuja kwenye nyingine. Ujumbe unaotoka nyumbani kwako hufika pale umechoka, huku ujumbe unaokwenda kwa jirani yako ndiyo kwanza unaondoka kwa nguvu zote. Ni sawa na kusikiliza mnong'ono wa aliye ng'ambo ya pili wakati mtu anakupigia kelele sikioni. Joseph Lechleider, mhandisi wa maabara ya Bellcore nchini Marekani, ndiye aliyeona mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba sehemu kubwa ya masafa ikipewa upande mmoja, fujo hiyo hupungua sana na kasi hupanda. Kwa kuwa watu hupokea zaidi kuliko wanavyotuma, upande wa kupakua ndio uliopendelewa.

Je, wajua kwamba umbali ndio adui mkubwa? Masafa ya juu huchoka haraka ndani ya shaba, kwa hiyo aliye jirani na kituo hufaidi, na aliye umbali wa kilomita tano huenda asipate chochote cha maana. Baya zaidi ni koili za mwanafizikia Mihajlo Pupin zilizofungwa kwenye laini ndefu ili sauti isififie. Zilifanya kazi yake vizuri, lakini huyazuia kabisa masafa ya juu, na mafundi walilazimika kuzitoa ili intaneti ipite.

Huku Afrika Mashariki, kampuni za simu za TTCL ya Tanzania na Telkom Kenya ziliuza huduma hii, lakini nyaya zenyewe zilikuwa chache na wezi wa shaba hawakuzionea huruma. Intaneti ya simu ya mkononi ikashinda mapema.

Je, wajua kwamba televisheni moja iliwahi kukata intaneti ya kijiji kizima? Ilitokea Aberhosan, Wales. Kwa miezi 18 huduma iliharibika kila siku saa moja asubuhi. Mafundi walibadilisha hadi kebo bila mafanikio, kisha mwaka 2020 wakapita kijijini na kifaa cha kunasa mawimbi na kugundua televisheni kuukuu iliyokuwa ikiwashwa saa hiyohiyo.

Na je, wajua kwamba hata shaba si lazima? Mwaka 2017 wahandisi wa Andrews & Arnold, kampuni ya intaneti ya Uingereza, walilowesha uzi wa mita mbili kwa maji ya chumvi na kupitisha ADSL humo. Wakapata megabiti 3.5 kwa sekunde, zaidi ya mara 60 ya kasi ya modemu zile za kukoroma.