Ukipunguzwa Kazini, Unadai Kiasi Gani?



Hapa Gikundamvura, mwenzetu anapopunguzwa kazini, iwe kwenye mpunga wa bonde la Bugarama au kwenye saruji kule Muganza, nyumbani huulizwa: tutakula nini mwezi ujao? Swali hilo ni zito. Lakini lipo jingine ambalo jibu lake tunalo: tunadai kiasi gani?

Kwanza tuelewane. Rwanda haina fao la kila mwezi kwa aliyepoteza kazi. Huko Tanzania, mwanachama wa NSSF aliyeachishwa kazi, akiwa amechangia miezi 18 au zaidi, hupata theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Sisi tuna imperekeza, malipo ya mara moja yanayotolewa na mwajiri kwa Sheria ya Kazi Na. 66 ya mwaka 2018. Anayestahili ni aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo, akaachishwa kwa sababu za kiuchumi, mabadiliko ya mitambo au ugonjwa. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hayumo.

Hesabu yake ina hatua mbili. Jumlisha mishahara ya miezi 12 ya mwisho, ugawe kwa 12: huo ndio mshahara wa wastani. Kisha zidisha kwa kufuata miaka ya kazi: chini ya miaka 5, mara moja, miaka 5 hadi 10, mara mbili, 10 hadi 15, mara tatu, na kuendelea hadi mara sita kwa aliyepita miaka 25.

Tuchukue mfano. Mwenzetu wa miaka 12 kazini amepata faranga 1,080,000 kwa mwaka. Wastani ni 90,000. Mara tatu ni 270,000. Lakini mwezi wa mwisho kazi ilikuwa haba, akapata 60,000 tu. Karani akihesabu kwa mwezi huo, atamwandikia 180,000. Faranga 90,000 zimepotea, na yeye ametia sahihi!

Kwa hiyo, ndugu, tutunze karatasi zote za mshahara na mkataba wenye tarehe ya kuanza kazi. Tusitie sahihi kabla ya kuhesabu. Asiyejua hesabu amwone mjumbe wa chama kazini, wahesabu pamoja. Hatuombi zawadi, tunadai jasho letu.