Saa ya Kompyuta na Tarehe ya Hati

Mwanafunzi wa filolojia hufundishwa mapema kwamba tarehe iliyoandikwa juu ya hati si lazima iwe tarehe ya kweli, kwani mnakili anaweza kukosea. Je, tarehe ambayo kompyuta inatia kwenye faili zetu ni ya kuaminiwa zaidi? Tuone kwanza jinsi inavyohesabu wakati.

Kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza ina betri yake ndogo na inatembea hata mashine ikizimwa. Ndani yake mna fuwele ya kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ya pili ni saa ya mfumo. Mashine ikiwashwa, mfumo unasoma saa ile ya kwanza, halafu unaendelea kuhesabu wenyewe. Hiyo ya pili ndiyo inayotia tarehe kwenye faili.

Mfumo unahesabu nini? Tangu Pentium ya mwaka 1993, prosesa za Intel zina kihesabio cha mapigo yao. Ikiwa prosesa inapiga mara bilioni 2 kwa sekunde, basi kila mapigo bilioni 2 ni sekunde moja. Ni kama kupima muda kwa mapigo ya mchi kinuni: hesabu ni sawa, mradi mtwangaji asibadili mwendo.

Lakini mwendo ulibadilika. Kuanzia mwaka 2000 hivi, prosesa za kompyuta za kubebeka zilianza kupunguza kasi ili kutunza betri. Tuseme umeme unakatika saa mbili asubuhi, na prosesa inashuka hadi mapigo bilioni 1. Mfumo usipojulishwa, utahesabu sekunde mbili kuwa moja: ikifika saa nne, kioo kitaonyesha saa tatu. Kwa kawaida mfumo ulijulishwa, lakini kila badiliko liliweza kuacha kosa dogo, na makosa madogo hulimbikizana.

Hasara yake ni nini kwetu? Wanafunzi wawili wananukuu hadithi moja waliyorekodi kijijini. Wa kwanza anahifadhi faili saa tatu na nusu. Wa pili anaisahihisha na kuihifadhi saa nne, lakini saa yake iliyochelewa inaandika saa tatu. Programu ya kuunganisha nakala inashika ile yenye tarehe ya karibuni, na masahihisho ya wa pili yanapotea.

Dawa zipo. Linux hulinganisha vihesabio na kuacha kisichoaminika. Katika prosesa nyingi za tangu mwaka 2008 hivi, kihesabio hakifuati tena kasi ya prosesa. Penye intaneti, itifaki ya NTP, iliyoanza mwaka 1985, hurekebisha saa. Pasipo intaneti, tuandike namba ya toleo ndani ya hati yenyewe, na tulinganishe saa za mashine kabla ya kuanza kazi. Tarehe ya faili ni shahidi. Na shahidi huhojiwa.