Kurudi Shule Kusomea Unesi: Piga Hesabu ya Nyumba Kabla ya Hesabu ya Karo

Kila KUCCPS inapofungua maombi ya KMTC, wanaotuma si vijana waliomaliza Kidato cha Nne juzi tu. Kuna mama wa duka, kuna wakala wa kuweka na kutoa pesa, kuna dada wa saluni mwenye watoto wawili. Wote wana swali moja: nikiacha hii kazi nikasomee uuguzi, nitaweza kweli?

Wengi huanza kwa kuuliza karo ni pesa ngapi. Ni swali la maana, lakini kwa mtu mzima si la kwanza. Gharama kubwa zaidi haiko kwenye barua ya chuo. Iko kwenye mapato yatakayokatika siku utakayoacha kazi, na watu wanaoyategemea. Hebu tuipange hesabu hiyo pamoja.

Kwanza, mlango uko wazi?

Diploma ya uuguzi KMTC ni miaka mitatu. Inataka wastani wa C kwenye KCSE, pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo kama Biolojia na Kiingereza au Kiswahili. Shahada ya chuo kikuu ni miaka minne na huanzia C+. Cheti cha KCSE hakiozi, kwa hivyo hata kama ulifanya mtihani 2009 bado kina nguvu. Kama somo moja ndilo linalokuzuia, KNEC inaruhusu kurudia kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Pia hakikisha chuo unachotaka kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, NCK. Mwanafunzi husajiliwa na baraza hilo akiwa bado chuoni, kisha akimaliza hufanya mtihani wa leseni. Bila leseni huwezi kuajiriwa kama nesi. Kwa hivyo ukiona tangazo la kozi ya miezi sita ya kuhudumia wagonjwa, jua inaweza kukupa kazi ya kutunza wazee au wagonjwa nyumbani, lakini haikufanyi muuguzi.

Usitegemee kusoma huku kazi ikiendelea

Uuguzi hausomwi jioni ukitoka kazini. Kuna darasa, na kuna mazoezi ya wodini, zikiwemo zamu za usiku. Kibarua kidogo cha likizo unaweza kupata, lakini usikiweke kwenye hesabu. Kikija, kiwe cha ziada.

Stetimenti yako inajua ukweli

Ukiulizwa unatumia ngapi kwa mwezi, utataja namba. Stetimenti itataja nyingine. Omba ya miezi sita kwenye programu ya simu, kisha fanya hivi:

1. Jumlisha pesa zote zilizoingia, ugawanye kwa sita. Hayo ndiyo mapato yako ya kawaida. Mwezi mmoja uliofanya vizuri usikudanganye.
2. Weka alama kwenye malipo ambayo hayatasimama ukienda shule: kodi ya nyumba, chakula, shule ya mtoto, pesa za wazazi, mkopo unaoendelea kulipa.
3. Weka alama nyingine kwenye yatakayosimama, kama nauli ya kazini.
4. Angalia pesa ndogo ndogo unazotumia watu. Mia tatu hapa na mia tano pale hazikai kichwani, lakini kwa mwezi zinaweza kufika kodi ya nyumba.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mama anayepata 30,000 kwa mwezi. Kodi ni 7,000, chakula, gesi na stima 9,000, shule ya mtoto 3,000, na anamtumia mamake nyumbani 3,000. Hayo ndiyo yasiyosimama: 22,000. Zinazobaki ni nauli na mengineyo 5,000 na chama 3,000.

Kwa miezi 36, hizo 22,000 ni 792,000. Tuseme karo na mahitaji ya chuo ni 150,000 kwa mwaka (wewe weka namba iliyo kwenye barua yako). Kwa miaka mitatu ni 450,000. Jumla: 1,242,000. Unaona? Nyumba imeshinda karo kwa mbali.

Sasa familia ikae chini. Wakihamia nyumba ya 4,000, wanaokoa 3,000 kwa mwezi. Ndugu yake akikubali kuchukua zile 3,000 za mama, mzigo wa nyumba unashuka hadi 16,000. Mumewe akiweza kuleta 15,000 bila kukosa, shimo la nyumba linabaki 1,000 kwa mwezi, yaani 36,000 kwa miaka mitatu. Ukijumlisha na karo, pesa za kutafuta ni 486,000.

Akisubiri mwaka mmoja huku tayari wamehama na ndugu ameanza kusaidia, anaweza kuweka 9,000 kila mwezi: 3,000 za kodi, 3,000 za mama na 3,000 zilizokuwa zikienda chama. Hiyo ni 108,000. Zinabaki 378,000, sawa na 10,500 kwa mwezi wa masomo.

Lakini kama analea peke yake, hizo 15,000 hazipo. Hata baada ya kubana matumizi, anahitaji 1,026,000, yaani 28,500 kila mwezi. Mtu huyo hajakosa bidii. Hesabu yake ni tofauti, na jibu lake pia linaweza kuwa tofauti.

Ndiyo maana mazungumzo na familia huja kabla ya fomu. Mama asijue pesa zimekatika kwa kuona simu imenyamaza. Mweleze mapema, pamoja na huyo ndugu atakayechukua jukumu. Mwenzi naye aseme wazi ataleta ngapi. "Tutasaidiana" si namba.

Mkopo gani, wa nini

Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Omba mapema, na utafute pia basari ya kaunti na ya NG-CDF. Usihesabu basari kabla haijaingia.

Mkopo wa simu ni kitu kingine kabisa. Ukikopa 10,000 kwa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, utalipa 750. Ukiurudia kila mwezi kwa mwaka, ada peke yake ni 9,000, na deni la 10,000 bado liko pale pale. Mkopo huu unafaa dharura ambayo unajua utailipa wiki ijayo. Karo ya miaka mitatu si dharura ya wiki moja.

Usimalizie hesabu siku ya kuhitimu

Kupata leseni si kupata kazi. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, na ajira hutangazwa na bodi za utumishi wa umma za kaunti. Kuna wauguzi wenye leseni wanaongoja nafasi. Hata walioajiriwa wamepitia misukosuko: mgomo wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba. Kuhusu kwenda nje, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, lakini bado kuna mtihani wa Kiingereza na usajili wa huko.

Kwa hivyo ongeza angalau miezi sita kwenye ile 36. Ukipata kazi mapema, utakuwa na akiba.

Ukifika wakati wa kulipa

Msimu wa maombi ni msimu wa matapeli pia. Hakuna afisa anayeuza nafasi ya KMTC kwa namba yake binafsi. Toa maelezo ya malipo kwenye barua rasmi au tovuti ya chuo, si kwenye kundi la WhatsApp. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi ujumbe wa malipo hadi jina lako lionekane limelipiwa chuoni.

Basi uende au usiende?

Kama shimo la kila mwezi lina jina la mtu au mfuko utakaoliziba, tuma maombi. Kama linazibika ukipata mwaka wa kujipanga, fungua akiba iliyofungwa leo na uandike tarehe ya mwaka ujao. Kama halizibiki hata ukigeuza vipi, afadhali ujue sasa ukiwa bado na kazi kuliko kujua mwaka wa pili, karo imeisha na kodi inadaiwa.

Omba stetimenti yako ya miezi sita leo jioni. Ikija, kaa nayo na mtu mnayekula naye meza moja.