Bia ya ngano ya Mjerumani: tarehe bado, ladha kwisha

Wadau, juzi nilipita duka moja la jumla Kariakoo, upande wa Msimbazi, nikakuta bia ya ngano kutoka Ujerumani, zile chupa za nusu lita. Bei imechangamka kweli, ila tarehe ilikuwa bado miezi 4, nikajitosa. Nikaiweka kwenye friji mpaka jioni. Kufungua, ikalia vizuri tu, lakini kwenye glasi povu likafa papo hapo, na ladha kama boksi lililolowa maji. Kesho yake nikamrudia muuzaji. Akanionyesha chupa nyingine: "Bosi wangu, si unaona tarehe bado kabisa?"

Hakuwa anadanganya. Maneno ya kwenye lebo, "mindestens haltbar bis", maana yake kiwanda kinaahidi ubora walau mpaka siku hiyo, kama bia imetunzwa inavyotakiwa, yaani kwenye ubaridi na giza. Sasa fikiria kontena juani, halafu stoo ya mabati mwezi wa Februari hapa Dar! Ndani ya chupa huwa kunabaki hewa kidogo, na joto ndilo linaloipa nguvu ya kuharibu ladha. Kwa makadirio ya wapika bia, kila joto likipanda nyuzi 10, bia inachakaa mara 2 hadi 3 zaidi. Kwa hiyo miezi 2 kwenye nyuzi 35 inaweza kuizeesha sawa na miezi 8 au zaidi kwenye nyuzi 15. Friji hairudishi kilichokwisha kuondoka.

Gesi ni kesi nyingine, na watu tunazichanganya. Lager zetu zina gesi kama gramu 5 kwa lita; hii ya ngano ina 6 hadi 8. Baadhi ya viwanda huacha hamira imalizie kazi ndani ya chupa, inakula sukari na kutoa gesi. Ule ukungu wa chini ndiyo hamira yenyewe, sio uchafu. Chupa ikiwa imeziba sawasawa gesi haina pa kwenda, hata ikae miezi. Ikifunguka kimya, mshitaki kizibo. Lakini ikilia halafu povu likafa, iangalie glasi: mafuta ya chipsi au sabuni isiyosuuzwa vinaua povu haraka sana. Yangu ililia, na glasi niliosha mwenyewe. Nakiri kosa. (Limau nalo linaua povu, mnaopenda kukamulia.)

Siku hizi chupa ya dirishani inayopigwa jua siigusi. Naomba ya katoni, naangalia kizibo kama kina kutu, na namuuliza muuzaji mzigo uliingia lini na ulikaa wapi. Akianza kunionyesha tarehe tu, nachukua Safari yangu naondoka.